Ada ya mlima haishuki, ujira wa mgumu ndio unaoshuka: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Kamishna wa Uhifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na wabunge wa mkoa wetu.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Nilikuwa mgumu, kama tunavyoitana wapagazi, nikabeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa misimu sita. Magoti yalipochoka nikaingia ofisini, kwenye kampuni ya kupandisha wageni, nikawa nashika daftari la mapato na matumizi. Mlima huu nimeujua kwa shingo, kisha nikaujua kwa kalamu, na ninayoandika hapa yanatoka kote kuwili. Hakuna chama wala kampuni iliyonituma.

Kila bajeti inaposomwa bungeni tunasikia takwimu za utalii, nasi tunafurahi pamoja nanyi. Mwaka 2019 waliingia watalii milioni 1.5, nchi ikapata takriban dola bilioni 2.6 za Marekani. Korona ikatubamiza mwaka uliofuata, tukaporomoka hadi watalii wapatao 620,000. Kufikia 2023 tulikuwa tumesimama tena na kupita pale tulipokuwa: watalii milioni 1.8, dola bilioni 3.4. Benki Kuu huziandika fedha hizi kwenye mauzo ya huduma nje ya nchi, na kwa miaka mingi utalii na dhahabu ndivyo vimekuwa vikitangulia kutuletea fedha za kigeni. Utalii ni bidhaa tunayouza nje, kama kahawa, kama korosho, na wachumi wetu wanaihesabu hivyo kwa haki.

Ila bidhaa hii ina tabia yake. Kahawa tunaipima, tunaifunga guniani, inateremka hadi bandarini na kuondoka. Kilele cha Kibo hakifungwi guniani. Mnunuzi ndiye anayepanda ndege, anakuja kuitumia hapa hapa, anarudi kwao na picha. Na kwa kuwa bidhaa tunaiona imesimama pale pale kila asubuhi mawingu yakifunguka, tumejizoeza kuamini kwamba na fedha yake imebaki hapa. Mimi nimeandika ankara za kutosha kujua kwamba haibaki kiasi hicho. Mgeni wa Ulaya au Marekani mara nyingi hununua safari yake kwa wakala wa kwao. Analipa kule. Wakala anakata chake kule, shirika la ndege linakata chake kule, bima inakatwa kule. Kinachofika Moshi au Arusha ni sehemu iliyobaki, na hiyo ndiyo sisi tunaanza kugawana.

Naomba niwafungulie daftari kidogo, maana bila hesabu barua hii itakuwa malalamiko tu.

Chukueni mgeni mmoja wa kigeni anayepanda njia ya Machame kwa siku saba. Kwa viwango ambavyo nimeviandika miaka mingi, ada ya hifadhi ni dola 70 kwa siku, hiyo ni 490. Kambi ni dola 50 kwa usiku, mara sita, 300. Uokoaji dola 20. Jumla 810. Ongezeni kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, ambayo huduma za utalii zilianza kutozwa Julai 2016, mnapata karibu dola 956. Hizo zinalipwa kabla mgeni hajavuka lango, kwa namba ya malipo ya serikali, na hakuna kampuni inayoweza kusema itazileta wiki ijayo. Mfumo umekaza vizuri, nami nausifu. Hifadhi hailindwi kwa maneno. Askari, njia, vyoo na magari ya uokoaji vinataka fedha.

Sasa mwangalieni mgumu. Mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu au wanne. Kiwango kinachotajwa tangu zamani ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa kiongozi. Kwa siku saba, mgumu anayelipwa sawasawa anapata dola 70. Wanne kwa pamoja, 280. Tunazungumzia vijana wanaobeba hema, meza, viti, mitungi ya gesi, ndoo za chakula na maji, na siku hizi hata choo cha mgeni, kutoka kwenye msitu wa mvua hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari.

Na ujira huo ndio pekee usio na ulinzi. Hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Kampuni zetu zinashindana kwa bei. Ipo inayouza safari ya siku saba kwa bei ambayo ukitoa ada ya hifadhi, chakula, mafuta ya gari, hoteli ya usiku wa kwanza na wa mwisho, na ujira wa viongozi, kimahesabu haibaki fedha ya kulipa wagumu. Nimewahi kukaa na karatasi ya namna hiyo mezani. Bosi amekubali bei, mgeni ameshalipa nusu, wakala wa ng'ambo amekata chake. Ada ya hifadhi haishuki hata senti. Dizeli haishuki. Mchele haushuki. Nilipokuwa natafuta pa kupunguzia, kalamu ilikuwa inateleza yenyewe hadi mstari ule mmoja. Kiongozi akijulishwa kwamba safari hii mgumu ni shilingi elfu kumi kwa siku, hapigi kelele, kwa sababu naye anataka safari ijayo. Na mgumu ataambiwa afanye nini? Langoni nje wamesimama wenzake hamsini tangu alfajiri, mikono mfukoni kwa baridi, wakisubiri jina lao liitwe.

Hivyo ndivyo mlima unavyouzwa rahisi. Bei ya chini inayomvutia mgeni kwenye intaneti haitoki kwenye ufundi wa kampuni. Inatoka kwenye mfuko wa mtu aliyebeba kilo 20 kichwani.

Nizungumzie kilo hizo. Kanuni inasema mgumu asibebe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari, na mizani ipo langoni, na askari wenu husimama pale kupima. Mnafanya kazi nzuri asubuhi ile, nimeshuhudia mizigo ikirudishwa. Lakini pia nilishuhudia, na mara moja nilikuwa ndani ya kundi lenyewe, tukisajiliwa wagumu kumi na wawili, tukipimwa wote, na baada ya mwendo wa nusu saa msituni watatu wakiambiwa wageuke nyuma, warudi kwa njia ya panya. Mizigo yao tuligawana tuliobaki. Kwenye vitabu vya hifadhi tulikuwa kumi na wawili hadi siku ya mwisho. Miguuni kwetu tulikuwa tisa. Jioni ile kambini kijana aliyekuwa mbele yangu alivua raba zake. Moja ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, na soksi ilikuwa mfuko wa plastiki. Alikuwa anacheka na wenzake, anasugua vidole vyake juu ya moto wa jiko la mpishi. Mimi sijui kama nilicheka. Safari ile tulilipwa baada ya wiki sita, kwa mafungu, na fungu la mwisho halijaja mpaka leo.

Wazee wetu katika vihamba, mashamba yetu ya nyumbani huku mlimani, walipitia jambo la namna hii na kahawa. Mkulima alipeleka buni kwa mnunuzi, mnunuzi akasema uzito ni huu na bei ni hii, basi. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikasimama KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kila mtu wa Moshi anakijua hata kama hana mche mmoja wa kahawa. Ushirika ule ulikuja kuwa na matatizo yake, sitayaficha. Lakini jambo la msingi walilielewa mapema: ukiuza kitu nje, lazima ujue mzigo wako umepimwa na nani, umeuzwa wapi, kwa bei gani, na kati ya bei hiyo wewe umepata kiasi gani. Kahawa ikapata mnada, mnada ukawa na bei inayosomwa hadharani. Mlima, ambao leo unaingiza fedha ambazo kahawa ya mkoa huu haiwezi hata kuzisogelea, hauna kitu kama hicho. Hakuna mahali ambapo mwananchi wa Machame, Marangu au Rongai anaweza kusoma kwamba katika kila dola 100 alizolipa mgeni kwa ajili ya mlima huu, zilizoingia nchini ni ngapi, zilizokwenda serikalini ni ngapi, na zilizofika kijijini ni ngapi.

Na kazi hiyo inawezekana. Tangu 2001 wizara yenu, Benki Kuu na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wamekuwa wakifanya utafiti wa wageni wanaoondoka nchini, wakiwauliza viwanjani na mipakani walikaa siku ngapi na walitumia kiasi gani. Ni utafiti wa maana, na ndio unaotupatia sehemu kubwa ya takwimu tunazojivunia. Unamuuliza aliyelipa. Naomba uanze kumuuliza na aliyepokea: kampuni ilinunua wapi hema zake, wapi nyama yake, wapi mboga, ilimlipa nani, lini. Tutaona mengi. Hema, mifuko ya kulalia na viatu vinatoka nje, hilo halikwepeki leo. Lakini kuna asubuhi moja kambi ya Shira ambapo mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniuliza kama kahawa aliyoishika kikombeni ni ile aliyoiona siku ya kwanza ikiwa kwenye miti tulipopita na gari. Ilikuwa kahawa ya unga ya kopo, imetoka nchi nyingine. Nilimwambia kweli. Akanyamaza, akatazama bonde, akasema anasikitika. Tulikuwa tumesimama juu ya mlima wa kahawa tukimuuzia kahawa ya watu.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Utalii, na biashara ya kupandisha wageni mlimani ikawekwa mikononi mwa Watanzania. Shabaha ilikuwa njema na ninaiunga mkono. Lakini leseni kuwa ya Mtanzania si dawa ikiwa anayepanga bei yuko ng'ambo, na Mtanzania mwenyewe amegeuka kuwa mtu wa kumtafutia huyo wa ng'ambo mabega ya bei rahisi.

Sasa ninachoomba. Ni kimoja kikubwa, mengine yanafuata nyuma yake.

Ujira wa wagumu, wapishi na viongozi ulipwe langoni pamoja na ada ya hifadhi, kabla kundi halijapanda. Mfumo mnao. Namba ya malipo inatolewa, ada inalipwa, kibali kinatoka. Ongezeni mstari mmoja tu: idadi ya wafanyakazi wa safari, mara siku, mara kiwango kilichowekwa. Kampuni isiyolipa mstari huo isipate kibali, kama vile leo isiyolipa ada haipati. Fedha hizo zisiingie kwenye mfuko wa serikali, naomba hili lisikike vizuri, kwa sababu tunajua fedha ikishaingia huko inavyochukua muda kutoka. Zikae benki kwenye akaunti ya amana. Siku kundi linaposhuka na kusaini kitabu cha kutokea kwenye lango la Mweka au Marangu, kila aliyeonekana anashuka apokee ujira wake kwenye simu kabla hajafika stendi.

Angalieni linavyofungua mafundo mengine. Wale watatu waliorudishwa msituni hawawezi tena kurudishwa kwa siri, kwa kuwa fedha yao imeshalipwa na kampuni haina faida ya kuwafukuza. Kucheleweshwa wiki sita kunakufa. Na mgumu anakuwa na kumbukumbu ya kipato chake, kitu ambacho leo hana. Akitaka mkopo mdogo wa kununua viatu, anaonyesha simu. Akitaka kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fungu linalojulikana la kukatia mchango. Akivunjika mguu pale kambi ya Barranco, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utajua alikuwa kazini kwa nani na kwa ujira gani. Leo hii mtu huyo ni kibarua asiye na karatasi. Mwaka 2020 mipaka ya dunia ilipofungwa, maelfu yao walirudi nyumbani mikono mitupu, na hatukuweza hata kuwahesabu, achilia mbali kuwasaidia.

Najua kampuni zitasema mzigo umezidi. Nimekuwa upande wao wa meza, nitawajibu kwa heshima. Kampuni inayolipa wagumu wake sawasawa haitaongezewa hata shilingi. Inalipa kile kile, siku chache mapema. Tena hiyo ndiyo inayoumia leo, kwa kuwa inashindanishwa na mtu anayeuza jasho lisilolipiwa. Nimewaona wenye kampuni waadilifu wakipoteza wateja msimu baada ya msimu kwa kukataa tu kushusha mstari ule. Hao walindeni.

Wapo waliotutangulia. Peru, ambao wana njia maarufu ya Inka kwenda Machu Picchu, walitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001, na kwenye njia ile hawaruhusu zaidi ya watu 500 kuingia kwa siku, wapagazi wakiwemo. Bhutan, nchi ndogo ya Himalaya, inamtoza mgeni ada ya maendeleo ya dola 100 kwa kila usiku, baada ya kuishusha kutoka 200 mwaka 2023, na kwa miongo mingi imechagua wageni wachache wanaolipa vizuri. Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017, ikapandisha pia mgao wa mapato ya hifadhi kwa jamii zinazozizunguka, kutoka asilimia 5 hadi 10. Sisemi tunakili. Kila mlima na watu wake. Lakini kote huko kuna mtu aliyekaa akajiuliza swali la kinachobaki, na jibu lake akaliandika kwenye kanuni.

Sisi tumejiuliza zaidi swali la vichwa. Lengo lilikuwa watalii milioni 5 ifikapo 2025. Mlimani kwetu, mwaka mzuri huleta wapandaji wapatao 50,000, na anayejua Barafu usiku wa kilele mwezi wa Agosti anajua mstari wa taa unavyopanda bila kukatika hadi Stella, kule juu ukingoni mwa kreta. Vyoo vinajaa. Njia inapanuka kwa watu kupishana pembeni. Na barafu yenyewe, ile inayotuuzia mlima kwenye kila kipeperushi, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Bidhaa yetu inapungua rafuni huku tunaongeza wanunuzi. Ningependa siku moja Waziri asimame bungeni atuambie kwamba wageni hawakuongezeka mwaka huu, lakini kila mgeni ameacha zaidi, na kilichoachwa kimefika chini.

Mwaka 2019 lilipozuka wazo la magari ya kamba ya kupandisha watu mlimani, wagumu walipinga kwa nguvu, na wapo waliowaona kama watu wanaoogopa maendeleo. Waliogopa njaa. Mlima huu unatajwa kuwa na wapagazi wapatao 20,000, na nyuma ya kila mmoja kuna ada ya shule na mama mgonjwa. Mgumu mwenye ujira unaojulikana, mwenye mchango wa uzeeni, hahofii kila jambo jipya. Nami ningependa siku hiyo tujadiliane naye akiwa ameshiba.

Tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kilele cha Kibo mwaka 1889, vitabu vimewataja wao. Marangu wanamkumbuka mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayesimuliwa kuwaongoza. Waliobeba hawana jina. Mwaka 2022 serikali iliweka intaneti ya kasi pale Horombo, mita 3,720, ili mgeni apandishe picha yake siku ile ile. Niliiona kazi ile na nilifurahi, kwa sababu ilinithibitishia kwamba mkiamua jambo lifike mlimani, linafika.

Mheshimiwa Waziri, msimu wa kiangazi ukianza, naomba uje Mweka mchana, saa saba hivi, makundi yanaposhuka. Watakupeleka upande wanapogawiwa vyeti, na ni pazuri, watu wanalia kwa furaha. Ukimaliza hapo, vuka barabara hadi lilipo lori la kampuni yoyote. Mwite kijana mmoja pembeni, bila kiongozi wake, umuulize amelipwa shilingi ngapi na lini. Kisha mwombe mlinzi wa lango akuletee kitabu cha siku aliyopanda. Jina lake limo, uzito wa mzigo wake umo, na tarehe imo. Safu ya ujira ndiyo pekee ambayo haijachorwa.

Wenu katika kazi,
aliyewahi kuwa mgumu, Moshi